Jinsi ya kupima kama saa yako ya mkono inasomeka gizani

Muuzaji akitaka kukuonyesha kwamba saa yake "inawaka usiku", huifunika kwa viganja viwili na kukuambia uchungulie. Unaona kijani kinang'aa, unaridhika, unalipa. Ulichoonyeshwa pale ni mwanga wa dakika ya kwanza, saa ikiwa ndiyo kwanza imetoka juani au chini ya taa ya kibanda. Karibu kila rangi inayong'aa, hata ile ya bei ya chini kabisa, hufaulu mtihani huo. Swali la maana ni jingine: saa tisa usiku, umeme umekatika na mtoto amekulalia kifuani, je, utatazama mkono wako na kutaja saa na dakika bila kubahatisha?

Nawaandikia hasa watu ambao kazi au ibada yao iko usiku: walinzi, wauguzi wa zamu, wavuvi wa dagaa, madereva wa masafa marefu, wapagazi wa Kilimanjaro, na kina mama wanaoamka kupika daku. Najua simu ina saa. Lakini kioo cha simu kikiwaka usoni, macho yaliyokwisha kuzoea giza huanza upya kabisa, na mlinzi aliyejibanza langoni anakuwa amewatangazia watu mahali alipo. Saa nzuri ya mkono haina madhara hayo.

Kitu kimoja kiwekwe wazi tangu mwanzo. Kung'aa na kusomeka ni mambo mawili. Nimeona saa zinazotoa mwanga wa kutosha kuangaza shuka, na bado mtu akazikosea kwa saa nzima. Nimeona pia saa zenye mwanga hafifu ambazo mwenye nazo hazimdanganyi kamwe. Tunachopima hapa ni kusomeka.

Hatua ya 1: Jua saa yako inapata wapi mwanga

Kuna njia nne, na kila moja hupimwa kivyake.

Ya kwanza, na ndiyo iliyoenea zaidi leo, ni rangi inayokunywa mwanga na kuurudisha polepole. Zamani rangi za aina hii zilitengenezwa kwa zinki salfaidi, na zilififia mapema. Mwaka 1993 kampuni ya Nemoto ya Japani ilitoa LumiNova, rangi iliyotokana na strontiamu aluminati iliyochanganywa na chembe za madini mengine adimu, ambayo iling'aa zaidi na kudumu usiku mzima. Uswisi ikafuata na Super-LumiNova. Seiko wanaiita yao LumiBrite, Casio wana NeoBrite. Majina ni mengi, lakini kazi ni ileile: isipopata mwanga mchana, usiku haina cha kutoa.

Ya pili ni vijibomba vidogo vya kioo vilivyojazwa gesi ya tritiamu, vikapakwa ndani unga unaong'aa. Hivi havihitaji kuchajiwa. Utavikuta kwenye saa za Luminox, Traser, Ball na Marathon.

Ya tatu ni taa ya kubonyeza, kama ilivyo kwenye Casio za dijitali, au Indiglo ya Timex iliyoanza 1992, ambayo hufanya uso mzima wa saa uwake rangi ya samawati-kijani.

Ya nne ni rangi za zamani zenye mionzi: radiamu, na baadaye tritiamu iliyochanganywa kwenye rangi. Saa ikiwa ya babu, au umeinunua mnadani bila kujua asili yake, usiipime kabla ya kusoma sehemu inayofuata.

Kutofautisha ya kwanza na ya pili ni rahisi. Fungia saa kwenye kabati lenye giza usiku na mchana mzima, kisha ifungulie humohumo gizani bila kuwasha taa. Vijibomba vitakuwa vinang'aa vilevile kama jana. Rangi ya kuchajiwa itakuwa imezimika au imebaki kivuli.

Saa ya zamani: simama kwanza hapa

Marie na Pierre Curie waligundua radiamu mwaka 1898. Haikuchukua muda mrefu watu wakagundua kwamba ukiichanganya na zinki salfaidi unapata rangi inayong'aa yenyewe, mchana na usiku, bila kuhitaji jua. Vita Kuu ya Kwanza ikaipa soko: askari handakini alihitaji kujua saa bila kuwasha kiberiti. Huko Orange, New Jersey, Marekani, kampuni ya United States Radium iliajiri wasichana wachore namba kwa rangi iliyoitwa Undark. Ili ncha ya brashi ibaki nyembamba walifundishwa kuilainisha kwa midomo, na kila mara walimeza kidogo. Radiamu mwilini hufuata njia ya kalisiamu, hukaa mifupani. Meno yakang'oka, taya zikaoza, mifupa ikavunjika. Grace Fryer na wenzake wanne waliishtaki kampuni, na mwaka 1928 wakalipwa fidia nje ya mahakama. Kesi yao ni miongoni mwa zilizofungua njia kwa mfanyakazi kudai haki ya ugonjwa alioupata kazini, na kila anayevaa saa inayong'aa ana deni kwa wanawake wale.

Historia hii inatugusa sisi wasemaji wa Kiswahili kwa karibu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1915 mawe yenye urani nyingi ajabu yalipatikana Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya leo, si mbali na mji wa Likasi. Kuanzia 1922 mawe hayo yalisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, yakakamuliwa radiamu, na Ubelgiji ikawa muuzaji mkuu wa radiamu duniani. Kwa hiyo saa ya miaka ya 1920 au 1930 iliyomo kwenye sanduku la familia huko Ulaya inawezekana kabisa ina chembe iliyochimbwa na mikono ya Wakatanga.

Jambo la kukumbuka ni hili: radiamu hupungua nusu baada ya miaka 1,600 hivi, lakini ile zinki salfaidi iliyochanganywa nayo huharibiwa na mionzi ndani ya miaka michache. Saa ya radiamu yenye umri wa miaka themanini haing'ai tena. Inaonekana imekufa. Mionzi yake iko palepale.

Dalili zake: saa imetengenezwa kabla ya miaka ya 1960, rangi ya namba na mishale imekuwa kahawia au njano iliyoungua, imepasuka au inabanduka, na usoni mwa saa kuna doa la kuungua mahali ambapo mishale ilisimama kwa miaka. Imulike kwa tochi kali kupitia kioo chake, kisha izime. Ya kisasa itawaka kwa nguvu. Ya radiamu itabaki kimya au itatoa mwanga duni sana. Jaribio hili lenyewe halitoshi kukuhakikishia. Jibu la uhakika hutolewa na kipima mionzi peke yake.

Ukiishuku, usiifungue. Usikwangue rangi, usiipulizie, usimpe fundi wa barabarani aisafishe kwa brashi, kwa sababu vumbi lake likivutwa puani ndilo lenye madhara makubwa. Itie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, iweke mbali na kitanda na mbali na watoto, kisha nawa mikono. Tanzania unaweza kuwauliza Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, ambao wana maabara Arusha. Kenya kuna mamlaka ya kudhibiti nyuklia, KNRA. Fundi naye mwambie mapema, kabla hajaingiza bisibisi. Ana haki ya kujua anachofungua.

Saa za kati ya miaka ya 1960 na 1990 mara nyingi zina rangi ya tritiamu. Tazama chini kabisa ya uso wa saa, chini ya namba 6: ukiona "T SWISS MADE T" au "SWISS T<25", ndiyo hiyo. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na miezi michache, kwa hiyo saa ya 1975 imebakiwa na chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Mionzi yake ni dhaifu, haipenyi kioo cha saa. Haitishi kama radiamu, lakini haitakusaidia kusoma usiku, na rangi yake pia haifai kukwanguliwa.

Hatua ya 2: Ichaji kwa namna moja kila unapoipima

Huwezi kulinganisha saa iliyotoka shambani adhuhuri na iliyotoka mfukoni. Chagua njia moja uifuate. Mimi napenda dakika kumi kando ya dirisha mchana, nje ya jua kali. Baada ya hapo rangi inakuwa imeshiba, na kuiacha juani siku nzima hakuongezi kitu. Joto kali litaumiza betri na mpira wa kuzuia maji.

Mwanga unaoichaji ni ule wa upande wa samawati na zambarau, pamoja na ule wa urujuanimno tusiouona. Ndiyo maana taa nyeupe ya LED inaichaji vizuri, balbu ya zamani ya waya inaichaji kwa taabu, na tochi nyekundu haiichaji kabisa. Ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, ambayo mawakala wengi wa pesa wanayo mezani, huishibisha kwa sekunde chache tu. Muuzaji mwenye taa hiyo anaweza kukufanya uamini chochote. Mwombe akuonyeshe saa iliyokaa kwenye kabati lake la kioo, bila kuimulika.

Jiulize pia saa yako inaishi wapi mchana. Mtu wa kanzu, mtu wa shati la mikono mirefu, au aliyevaa koti la baridi pale Njombe, saa yake inashinda gizani. Jioni itakuwa na njaa, na atailaumu bure.

Hatua ya 3: Yape macho muda

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayobadilisha matokeo kuliko zote.

Jicho lina aina mbili za seli za kuonea. Zile za mchana zinaona rangi na vitu vidogo, na zimejaa katikati ya jicho. Zile za gizani zinaona mwanga hafifu sana lakini hazioni rangi wala maandishi madogo, na katikati kabisa ya jicho hazipo. Za mchana huzoea giza ndani ya dakika kama kumi. Za gizani huhitaji nusu saa hivi au zaidi. Ukizima taa ukaitazama saa papo hapo, utaona kidogo. Ukiamka usingizini ukaitazama, mwanga uleule utakuonea huruma, kwa sababu macho yamekuwa gizani muda mrefu. Kwa hiyo saa inayoonekana duni saa tatu usiku inaweza kusomeka vizuri saa kumi alfajiri, ingawa kwa kipimo cha mashine imefifia.

Kaa gizani nusu saa kabla ya kupima. Zima vijitaa vyote, funika hata kile kinachowaka kwenye king'amuzi. Halafu jaribu kitu hiki: saa ikiwa imefifia sana, usiikazie macho moja kwa moja, tazama pembeni yake kidogo. Itang'aa zaidi, kwa sababu umeipeleka picha kwenye seli za gizani. Wanaotazama nyota hufanya hivyohivyo.

Miwani ya kusomea ni suala zito kwa waliovuka miaka arubaini. Gizani mboni hupanuka, na ukungu wa macho yasiyoona karibu huongezeka. Hapo mishale myembamba hugeuka mawingu mawili ya kijani. Kama wewe ni wa kundi hili, pima bila miwani, kwa sababu saa tisa usiku hutakuwa umeivaa. Na kama kila kitu kinakushinda kuona usiku, hata njia na milango, hilo si la saa tena. Nenda ukapimwe macho, maana upungufu wa vitamini A huanza kwa kutoona usiku.

Hatua ya 4: Jaribio lenyewe

Mwite mtu wa pili nyumbani. Mpe saa ikiwa imekwisha kuchajiwa, avute kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia majira, azungushe mishale mahali popote apendapo, na aiache imesimama hapo. Aandike alichoweka bila kukuonyesha. Wewe ukiwa gizani, ishike sentimita 25 kutoka usoni. Umbali huo sikuubuni: ndio uliowekwa na kiwango cha kimataifa cha saa za wapiga mbizi, ISO 6425, kinachotaka saa isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25. Itazame kwa muda wa pumzi moja, taja saa na dakika, mwenzio aandike. Kisha abadilishe.

Rudieni mara kadhaa, kwa vipindi: dakika kumi baada ya kuchaji, saa moja baadaye, saa nne baadaye, na alfajiri kabla hujawasha chochote. Rangi hizi hupoteza sehemu kubwa ya mwanga mwanzoni, kisha kinachobaki hushuka polepole sana. Saa mbili zilizofanana dakika ya kumi zinaweza kuachana kabisa usiku wa manane. Kipindi cha alfajiri ndicho chenye hukumu. Vingine ni vya kukusaidia kuelewa.

Mwambie mwenzio akutegee. Mtego ninaoupenda zaidi ni huu: mshale mmoja umepita kidogo namba 10, mwingine unakaribia namba 2. Kama mfupi ndio uliopita 10, ni saa nne na dakika tisa. Kama mfupi ndio unaokaribia 2, ni saa nane kasoro dakika tisa. Mishale imekaa pembe zilezile karibu kabisa. Kinachotofautisha ni urefu na umbo peke yake. Kwenye saa ambayo mishale yote miwili ni vijiti vinavyofanana, gizani utakosea kwa karibu saa nne, na utakosea ukiwa na uhakika. Nadhani inafaa kukumbuka kwamba picha za matangazo ya saa huonyeshwa zikiwa karibu na saa nne na dakika kumi, mkao huohuo, mchana kweupe ambapo hakuna anayeweza kukosea.

Mtego wa pili: mishale iliyopandana, kwa mfano saa kumi na mbili na dakika 33, ambapo mrefu umeufunika mfupi. Unapaswa kuona kwamba ni miwili, si mmoja. Mtego wa tatu ni wa saa iliyovuliwa: mwenzio aiweke mezani ikiwa imegeuzwa juu chini, wewe uiokote na kuisoma. Bila alama ya pekee kwenye namba 12 hutajua juu ni wapi.

Hesabu makosa. Makosa ya dakika mbili tatu yasamehe. Kosa la saa, hata moja, katika kipindi cha alfajiri linatosha kuikataa saa kwa mtu ambaye dawa ya mgonjwa au zamu ya mwenzake inaitegemea.

Kinachozifanya nyingine zisomeke na nyingine zishindwe

Baada ya kupima saa chache utaanza kuona mambo yaleyale yakijirudia.

Wingi wa rangi ni wa kwanza. Alama pana na nene hushika mwanga mwingi. Nukta iliyopakwa mara moja kwa tabaka jembamba huisha mapema, hata kama rangi yenyewe ni bora. Tazama kwa pembeni mchana: rangi nzuri huonekana imeinuka kidogo juu ya uso wa saa. Mishale hukosa nafasi ya kubeba rangi nyingi, ndiyo maana katika saa nyingi mishale hufifia kabla ya alama za pembeni, na unabaki na duara zuri la nukta lisilokuambia kitu.

La pili ni tofauti kati ya mishale. Mfupi uwe mpana au wenye umbo lake, mrefu uwe mrefu kweli na ufike kwenye alama za dakika. Baadhi ya Omega Seamaster zimefanya kitu cha busara: mshale wa dakika unang'aa kijani, wa saa samawati. Mwanga ukiwa bado na nguvu ya kuonyesha rangi, huwezi kuichanganya mishale hiyo.

La tatu ni alama ya namba 12: pembetatu, au vijiti viwili sambamba. Saa za wapiga mbizi karibu zote zinayo. Pia kiwango cha ISO 6425 kinataka uweze kuona gizani kwamba saa inatembea, na ndiyo sababu mshale wa sekunde wa saa hizo una nukta inayong'aa. Muuguzi anayehesabu pumzi za mgonjwa umeme ukiwa umekatika atajua thamani ya nukta hiyo. Lakini maneno "water resistant" nyuma ya saa hayamaanishi kwamba ni saa ya mpiga mbizi, na hayasemi lolote kuhusu giza.

Kuhusu rangi ya mwanga, kijani kinachoelekea njano huonekana kikali zaidi mwanzoni. Samawati-kijani ina faida yake baadaye, kwa kuwa seli za gizani huhisi zaidi mwanga wa upande huo. Tofauti ni ndogo, nisingechagua saa kwa hilo. Epuka tu rangi ya machungwa, nyekundu, na ile ya kahawia ya kuigiza uzee: rangi iliyoongezwa humeza sehemu ya mwanga.

Namba zenye madoido, nakshi, kalenda tatu na vijisaa vya ndani ni vya mchana.

Saa za kubonyeza na za vijibomba

Casio F-91W, iliyotoka 1989 na ambayo utaikuta kuanzia Kariakoo hadi Goma, ina kijitaa kimoja cha kijani upande wa kushoto. Kinaangaza upande huo, upande wa pili unabaki nusu gizani, lakini namba zinasomeka na huwezi kukosea saa nane kwa saa nne. Kwa bei yake, kwa mtu anayetaka kujua saa mara mbili tatu usiku, naiheshimu sana. Kasoro yake ni mikono: inahitaji mkono wa pili ubonyeze. Aliyeshika kasia, usukani au mtoto hana mkono huo. Ukizipima saa za aina hii, ruka hatua ya 2 na upime jambo moja: je, unaweza kukipata kitufe kwa kupapasa bila kubonyeza kingine? Na zile za kioo cheusi chenye namba nyeupe ziache, isipokuwa umeziona mwenyewe usiku.

Vijibomba vya tritiamu havitakuvutia dukani, kwa sababu mwanga wake ni mdogo kuliko wa rangi iliyochajiwa sasa hivi. Usiku wa manane mambo hubadilika, vyenyewe vimebaki vilevile. Kwa mlinzi au mpagazi ambaye saa yake iko chini ya mikono ya koti tangu asubuhi, hakuna kinachovizidi. Lakini uliza umri. Baada ya miaka kumi na miwili na ushei mwanga umebaki nusu, baada ya ishirini na mitano robo, na havichajiki upya, vinabadilishwa. Kijani ndicho kinachoonekana zaidi. Kijibomba kikipasuka, fungua madirisha, toka nje kwa muda, na usichezee vipande.

Kuitumia vizuri ukishaichagua

Jioni, kabla hujazima taa, ilaze saa karibu na balbu uso ukiwa juu, dakika kumi. Ukiamka usiku na kuikuta imechoka, chukua tochi, bana kioo cha tochi juu kabisa ya uso wa saa ili mwanga usikufikie machoni, washa kwa sekunde kumi hadi ishirini, zima. Umepata mwanga mpya na macho yako hayajapotea. Wapandaji wa Kilimanjaro wanaoanza safari ya kilele karibu na saa sita usiku wanaweza kufanya hivyo kwa taa ya kichwani kabla hawajateremsha mkono wa koti. Kwa wavuvi wa dagaa, taa zenu zinaichaji saa usiku kucha, tatizo ni macho yaliyozoea mwanga wa taa. Igeukie saa ukiwa umezipa mgongo taa, na uipe nafasi.

Strontiamu aluminati haichoki kwa kuchajiwa mara nyingi. Adui yake ni maji. Ukiona ukungu ndani ya kioo, ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo, kwa sababu unyevu ukiifikia rangi unaiua, na utaona alama moja moja zikiacha kung'aa.

Fundi anaweza kupaka rangi upya. Muulize anatumia rangi gani, na umwombe akuonyeshe saa aliyoipaka miezi iliyopita, si jana. Mkubaliane kwamba mishale nayo itapakwa, siyo alama tu, na rangi iwe moja kwa zote. Kataa rangi za kucha na za kuchezea watoto. Saa ikirudi, lipa nusu, ipeleke kwenye jaribio la alfajiri, kisha ukammalizie pesa yake asubuhi.